Tablo ya ndege kwa ajili ya wajane wa askari: mlipe mchoraji kwanza

Mlipe mchoraji kwanza. Yeyote anayetaka kuagiza tablo ya ndege, yaani picha ya kuchorwa kwa rangi, hapa Lubumbashi ili mauzo yake yawasaidie wajane na yatima wa askari, aanzie hapo, kabla hajachagua ndege, kabla hajatafuta ukumbi. Nimeifanya kazi hii pamoja na kikundi cha mama wajane wa hapa mjini, na karibu wote wanaokuja kuniuliza tulivyofanya wana swali moja: kwa kuwa ni kazi ya huruma, mchoraji si atachora bure? Hapana. Mchoraji wa mitaa yetu ya Katuba au Kamalondo anadaiwa kodi ya nyumba na minervali (karo ya shule) ya watoto kama wewe. Ukimwomba achore bure, sifa ya ufadhili inabaki kwako, lakini aliyetoa ni yeye. Halafu kazi ya bure hungoja. Kila atakapopata oda yenye pesa, ndege yako itageuziwa ukuta, na siku ya maonyesho itafika rangi haijakauka.

Sisi tulimpa nusu kama avansi, humo mkiwa na gharama ya turubai na rangi. Robo aliipata tulipokubali mchoro wa penseli, na robo ya mwisho siku ya kukabidhi. Yote tuliyaandika, tukatia sahihi mbele ya mashahidi. Karatasi hiyo ina kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Sheria ya Kongo ya haki za mtunzi, Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mchoraji hata baada ya tablo kuuzwa. Kulinunua turubai hakukupi ruhusa ya kuchapa nakala zake. Na pesa ya wajane itatoka kwenye nakala hizo. Kwa hiyo andikeni ni nakala ngapi, za ukubwa gani, na mchoraji anapata nini kwa kila moja inayouzwa.

Tuseme tablo imegharimu dola 500, na nakala 60 zimechapwa kwa dola 10 kila moja. Zikiisha zote kwa dola 35, zinaingiza dola 2,100. Toa 600 za uchapaji, toa 210 ambazo ni asilimia 10 ya mchoraji, toa 500 za tablo. Zinabaki 790, na turubai lenyewe bado halijafika mnadani. Kila mtu amelipwa, hakuna aliyenung'unika.

Sasa ndege. Vijana watakutajia Fouga Magister, ndege ya jeti ya Katanga, wakati jimbo letu limejitenga na Kongo, iliyowashambulia askari wa Umoja wa Mataifa mwaka 1961. Wazee wa hapa wanaijua, na ningeuza nakala nyingi. Nilikataa, na ningekataa tena. Kati ya wajane wetu wamo waliotoka majimbo mengine, wa Kasai na wa Équateur, na waume zao walikufa wakiwa jeshi moja. Siwezi kumsimamisha mama kama huyo kando ya tablo ya vita vya kujitenga, aombe watu wamnunulie.

Tulichagua Ziwa Tanganyika, mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Uingereza iliwaazima Wabelgiji ndege nne za majini aina ya Short 827, zenye injini ya Sunbeam ya nguvu za farasi 150. Zilikuja zikiwa vipande ndani ya masanduku: meli hadi Matadi, kisha reli, kisha mto, kisha reli tena, kupakia na kupakua hadi ziwani. Huko Mtoa, karibu na mji tunaouita leo Kalemie, ziliunganishwa zikaruka. Mwezi wa Juni zilivuka ziwa kuipiga mabomu Kigoma, bandari ya meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha meli hiyo mwezi uliofuata, Waingereza wakaja kuiinua, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Msomaji wa Kigoma anaifahamu vizuri kuliko mimi.

Marubani walikuwa Wabelgiji. Lakini masanduku hayakutembea yenyewe, na vita ile ya kwenda hadi Tabora ilipiganwa na askari weusi wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji, nyuma yao wapagazi ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Kwa hiyo nilimwomba mchoraji asiiweke ndege peke yake mawinguni. Aiweke majini, ufukweni, na watu wetu wawe ndani ya maji hadi kiunoni, wameshika maboya yanayoielesha ili mawimbi yasiigonge, askari mmoja akiangalia ng'ambo. Wachoraji wa mji huu wanajua kazi ya namna hiyo. Miaka ya 1970 watu kama Tshibumba Kanda Matulu walichora historia juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na tablo za ukumbusho zikatundikwa sebuleni kwa mfanyakazi wa kawaida. Watu wengi walionunua kwetu hawakuniuliza lolote kuhusu injini. Waliwaangalia wale watu wa majini, wakaanza kusimulia habari za babu zao.

Hata hivyo usiichukulie ndege kirahisi. Atakuja fundi mstaafu wa uwanja wa ndege wa Luano, naye ataziangalia nyaya za kati ya mabawa moja moja. Mpe mchoraji picha za zamani zilizopigwa pande mbalimbali, pamoja na vipimo. Mwambie ahesabu nguzo za mabawa kabla ya kupaka rangi, na alama za taifa azitoe kwenye picha, asikisie. Usitumie picha ya jumba la makumbusho la Brussels au Tervuren bila kuomba ruhusa. Jambo jingine dogo lenye faida: ukitaka kulipiga picha turubai kwa ajili ya kuchapa, lipige kabla halijapakwa vanishi, mahali penye kivuli chenye mwanga sawa, bila flashi. Vanishi inang'aa, na mng'ao huo utatokea kwenye kila nakala.

Uingereza wana desturi ndefu ya mambo haya. Wana chama cha wachoraji wa ndege tangu 1971, na mfuko wa kuwasaidia watu wa jeshi lao la anga tangu 1919. Nakala zao nyingi hupanda bei kwa sababu rubani aliyepigana ametia sahihi chini ya picha. Hata kwao sahihi hizo zinakwisha; John Hemingway, rubani wa mwisho wa vita vya angani vya Uingereza vya 1940, alifariki Machi 2025. Kwetu hakuna aliye hai wa mwaka 1916. Tuliamua mchoraji atie sahihi na namba mbele, na nyuma ya kila nakala mmoja wa akina mama aandike jina lake kwa mkono wake. Nakala hizo ziliondoka haraka.

Jiandae kwa maswali ya wanunuzi. Watu wetu wameonewa mara nyingi na wenye bunduki, na wakisikia neno askari watakuuliza kama pesa hii inanunua risasi, au inaingia mfukoni mwa mkubwa. Wana haki ya kuuliza. Kikundi kiwe na karatasi zake kama asbl, yaani chama kisichotafuta faida, kwa sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na akaunti yenye sahihi zaidi ya moja. Sema wazi pesa inakwenda wapi. Yetu ilikwenda kwenye minervali ya shule ya sekondari, kwa kuwa shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019 na mtoto wa mjane hukwama pale anapomaliza darasa la sita. Tulilipa shuleni moja kwa moja, hatukumpa mtu pesa mkononi, na picha ya risiti, jina la mtoto limefunikwa, tuliituma kwa kila mnunuzi kwa WhatsApp. Baadhi yao walirudi kununua nakala ya pili ya kumpelekea ndugu Ulaya.

Turubai lenyewe liuze mwisho, nakala zikiwa zimeshaonekana mjini. Mnada uwe Jumamosi inayofuata siku ya mishahara, na bei ya kuanzia isishuke chini ya kile alicholipwa mchoraji. Asipopatikana mnunuzi siku hiyo, lifunge vizuri, ulirudishe nyumbani, ungoje mnada mwingine.