Mayai kaange ule, nywele zipake nazi

Pole mdogo wangu. Unasema ulipaka blichi, wiki moja baadaye ukaweka dawa ya kunyoosha, sasa nywele zinabaki kwenye kitana, na unauliza kama mayai yatasaidia.

Mayai acha. Protini ya yai bichi ni kubwa mno kupenya unywele, inakaa juu tu. Ukisuuza kwa maji ya moto inaganda, unashinda unachambua vipande vya yai kichwani. Yalinikuta.

Blichi na dawa vyote hudhoofisha unywele kwa ndani, na ulioharibika haurudi ulivyokuwa. Kata ncha kwanza, hata kama roho inauma.

Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, paka mafuta ya nazi kwenye nywele kavu. Ni kati ya mafuta machache yanayopenya unywele, na hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Asubuhi tumia shampuu isiyo na salfeti (kemikali kali ya kutoa povu), kisha kondishena ya kutosha, vaa mfuko wa plastiki, zungushia taulo la uvuguvugu nusu saa. Chana kondishena ikiwa bado kichwani, kitana cha meno mapana, kuanzia nchani kupanda juu. Kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama mengi ya hapa Dar, suuza mwisho kwa maji ya mvua.

Pasi, drai na rasta za kubana weka kando. Dawa usiguse kwa miezi mitatu hivi. Kichwa kikiwa na vidonda, anzia hospitali, saluni baadaye.