Sijui Kuogelea, Nitafika Mbudya?

SWALI: Shikamoo Mzee. Wanangu wamenilipia safari ya nusu siku kwenda kisiwa cha Mbudya. Tutapiga kafi kwa kayaki kutoka Kunduchi, na tukifika tutatazama samaki kwa miwani na mrija. Nina miaka 52 na sijui kuogelea. Nikatae?
Mama wa watatu, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikatae. Ila tarehe uichague wewe, siyo wanao.

Tazama mwezi. Ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Hapa kwetu Dar siku hizo maji hukupwa sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi, wakati uleule mtakapokuwa kwenye matumbawe. Maji yanakuwa mafupi, magoti yanagonga mwamba, na mkondo una nguvu. Nenda mwezi ukiwa na siku saba au nane, maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Ondokeni alfajiri, upepo haujaamka. Juni na Julai, upepo wa kusi ukiwa mkali, ahirisha.

Ni kilomita tatu hivi. Omba kayaki ya watu wawili, kiongozi akae nyuma yako. Jaketi okozi lifunge mikanda yote ukiwa bado mchangani, kisha mwambie mtu alivute juu mabegani. Likikupanda hadi masikioni ni kubwa, badilisha. Kiongozi akikwambia jaketi si lazima, shuka.

Mrija uanze nao maji ya kiunoni. Temea kioo mate, suuza, vaa. Piga magoti, tia uso majini, vuta pumzi kwa mdomo na uitoe polepole hadi iishe. Wengi huvuta harakaharaka, na hofu huingilia hapo. Mwaka juzi nilimshika mkono mwalimu mmoja wa Dodoma, kucha zake zikaniachia alama. Alipotulia akasikia kru, kru, kru. Samaki pono, anatafuna matumbawe! Aliuachia mkono wangu mwenyewe, apate kumwonyesha kwa kidole.

Ukichoka usisimame juu ya matumbawe, nakuomba sana. Lala chali, jaketi litakubeba. Mbudya ni hifadhi tangu 1975, na bado wavuvi wa baruti wameyaumiza maeneo hayo. Tumbawe la duara, lile kama kichwa, hukua milimita chache tu kwa mwaka. Hilo utakaloliona huenda limetuzidi umri, wewe na mimi.

Waulize wanao kama kiingilio cha hifadhi kimo kwenye bei. Na chukua kanga kavu, kurudi utaihitaji.