Uliza Anti: Kilo zilizoingia haraka, zinatoka haraka?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27 naishi Igoma hapa Mwanza. Mwezi wa 12 nilienda likizo kwa mama Nansio, kisiwani Ukerewe, nikakaa wiki tano nzima, na mama ndo unajua tena kila saa umekula, umeshiba, ongeza. Asubuhi chai na mihogo ya kukaanga, mchana ugali wa muhogo na sato, jioni ugali tena, katikati hapo machungwa na soda za wageni. Niliondoka na kilo 68 nimerudi na 74. Sasa sendoff ya rafiki yangu ni baada ya wiki tatu, sare ilishashonwa kwa vipimo vya Novemba na zipu imegoma katikati ya mgongo. Mashoga zangu wananiambia tulia wewe, mwili ulioingia haraka unatoka haraka, mgumu ni ule wa miaka. Mwingine ananiambia kinyume, eti ukinenepa ghafla ngozi inashazoea na hautoki tena. Nimsikilize nani?
Zipu Imegoma, Igoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mwangaluka, salamu ya Kisukuma. Kwanza umenikumbusha machungwa ya Ukerewe na mimi niko hapa mjini nanunua ya kuhesabu, ila tuyaache.

Mashoga zako wamepata nusu, na hiyo nusu ndo inawachanganya watu wengi. Mzani haujui mafuta ni nini, unapima kila kitu ulichobeba, maji, chakula kilichoko tumboni, hata nguo ulizovaa. Ukila ugali mwingi mwili unaugeuza sukari na nyingine unaiweka akiba kwenye ini na kwenye misuli, akiba hiyo inaitwa glaikojeni, na kwa mtu mzima ikijaa ni kama nusu kilo hivi. Nusu kilo utasema si kitu, lakini kila gramu moja inashikana na maji kama gramu tatu, kwaiyo ghala likijaa pamoja na maji yake linakaribia kilo mbili. Ongeza chumvi, maana dagaa wakikaangwa hamna anayewapima chumvi, na chumvi ikizidi figo zinabakisha maji mwilini. Ongeza na ugali wa jana ambao bado uko njiani. Na kama ulipima siku mbili tatu kabla ya hedhi hapo maji mengine tena.

Kwaiyo katika kilo zako sita mimi nikikadiria tu, mbili hivi sio mafuta. Hizo kweli zimeingia haraka na zitatoka haraka, ukirudi kwenye mlo wako wa kawaida wiki ya kwanza tu utaona mzani unashuka. Ndo maana kila diet duniani inaonekana muujiza wiki ya kwanza! Mtu anapiga picha ya mzani anarusha status, wiki ya tatu kimya.

Zinabaki nne, na hizo ndo mafuta yenyewe. Mafuta hayana tarehe mdogo wangu. Kilo uliyoipata Desemba na kilo aliyokaa nayo shangazi yako tangu 2015 kuzitoa ni bei ile ile, karibu kalori 7,700 kila kilo. Nne ni kalori 30,800. Ukipunguza kalori 500 kila siku bila kuruka, ni siku 62, miezi miwili, na hapo nimehesabu kirahisi kwa sababu mwili ukianza kupungua na wenyewe unabana matumizi kidogo. Umezipata kwa wiki tano halafu unataka zitoke kwa tatu, hapo ndo msemo wa mashoga zako unapogoma kama hiyo zipu.

Nikupe mfano wa Waafrika wenzetu. Kaskazini mwa Kamerun kuna watu wanaitwa Wamassa, wana desturi yao inaitwa Guru Walla, kijana anawekwa ndani kama miezi miwili kazi yake ni kula tu, maziwa na uji wa mtama, anagangamala anakula hadi usiku, na kunenepa kwao hapo ni sifa. Watafiti waliwafuata vijana wa namna hiyo wakakuta wameongezeka wastani wa kilo 17 hivi. Miezi miwili tu! Baadae walirudi kwenye uzito wao wa mwanzo, hamna gym hamna chai ya kupunguza tumbo, lakini ilichukua kama miaka miwili na nusu. Ziliingia mbio zikatoka kwa mguu.

Ila angalia pia kwamba zilitoka, na hapa ndo nampinga huyo shoga yako wa ngozi. Chembe za mafuta ukinenepa zinavimba kama puto na ukipungua zinasinyaa, kinachoweza kubaki kwenye ngozi ni ile michirizi tu. Zilitoka kwa sababu kile kilichowanenepesha kiliisha, kijana akatoka ndani akarudi kwenye ng'ombe na shamba. Na hii ndo faida ya kweli uliyonayo wewe kuliko mtu aliyenenepa miaka kumi. Mafuta yenu ni yale yale, ila wewe chanzo chako kimebaki Nansio. Yule wa miaka kumi chanzo anaishi nacho, chips zege kila jioni akitoka kazini, soda dukani, boda hadi mlangoni. Wewe bado hujayazoea maisha ya likizo, ukirudi tu kwenye ya zamani safari imeanza. Shida ni kama mmekuja wote, wewe na sahani ya mama.

Na usijipime na ndugu zako, miili haifanani. Kule Quebec Kanada kuna utafiti ulitoka 1990, walichukua vijana mapacha wa kufanana jozi 12, wakawapa kalori 1,000 za ziada kwa siku 84. Chakula cha ziada sawa kabisa, ila kuna aliyeongezeka kilo 4 na kitu na kuna aliyefika 13. Na mapacha wa jozi moja walikaribiana, maana yake mengine ni ya kurithi. Kwaiyo kama mdogo wako alikula naye sato hao hao na yeye hajaongezeka hata nusu, sio kwamba anakuficha kitu.

Sasa ufanyeje. Ugali usiuache, mtu wa kanda ya ziwa ukiacha ugali siku nne ya tano unakula sufuria. Punguza tonge nusu ya ulivyokuwa unakula kwa mama, mboga za majani ziwe nyingi, sato awe wa mchuzi au wa kuchoma maana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula ni kalori kama 120 na samaki wa kukaanga anabeba zaidi ya kijiko. Soda acha kabisa hizi wiki tatu. Tembea, toka Igoma mpaka Buzuruga kwa mguu asubuhi kabla jua halijawa kali, kurudi panda daladala sikukatazi. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai, mzani ule ule, maana leo wa duka la dawa kesho wa yule kijana wa stendi utapata kilo mbili za uongo.

Kwa sendoff tegemea kilo tatu, labda tatu na nusu kama maji ni mengi kuliko nilivyodhani. Nne usitegemee, wala zote sita. Gauni lipeleke kwa fundi wiki hii mwambie aachie pembeni, ukingoja hadi ijumaa ya mwisho utamkuta na foleni ya sare zote za Igoma.

SWALI: Anti habari za kazi. Mama yangu yuko Sengerema ana miaka 61, ameongezeka kilo 5 kwa wiki mbili na wala hali sana siku hizi. Miguu imejaa viatu havimwingii, usiku analalia mito mitatu anasema akilala chini anakosa pumzi. Majirani wanasema anapendeza. Tumfanyie diet gani?
Kijana wa Sengerema

JIBU: Baba, usimfanyie diet yoyote, mpeleke hospitali leo. Piga hesabu ile ile ya juu, kilo tano za mafuta kwa siku 14 ingebidi ale kalori 2,750 za ziada kila siku juu ya chakula chake, na wewe unasema hali sana. Hayo ni maji. Bonyeza kidole kwenye mfupa wa mbele wa mguu uhesabu mpaka kumi, ukitoa kidole kikaacha shimo ndo maji yenyewe, na kukosa pumzi akilala ni dalili mbaya zaidi ya miguu. Inaweza kuwa moyo, figo, ini, na kuna dawa pia zinazojaza mwili kama prednisolone, kwaiyo beba dawa zake zote kwenye mfuko na za kienyeji zikiwemo. Huyu akitibiwa hizo kilo zinaweza kutoka ndani ya siku chache, na majirani watasema amekonda, waache waseme.

SWALI: Anti mimi nimejifungua wiki sita zilizopita, niliongezeka kilo 12 kwenye mimba, sita zilitoka siku ile ile na wiki iliyofuata lakini hizi zingine zimekataa kabisa. Mama mkwe kaja na mtori asubuhi mchana jioni. Naogopa kumkatalia.
Mama K, Nyegezi

JIBU: Hongera mama K. Zilizotoka mwanzo zilikuwa mtoto, kondo la nyuma, maji na damu, zilizobaki nyingi ni akiba ya kunyonyeshea, na kunyonyesha kunakula kalori kama 500 kwa siku kwaiyo kazi inaendelea hata ukiwa umekaa. Usifunge, usinywe chai za kuharisha. Mtori hauna ubaya, ubaya ni samli inayoelea juu, mwombe mama mkwe kwa upole aipunguze, mwambie inakupa kiungulia. Bakuli moja linatosha, la pili mpe baba mtoto na yeye si anakesha.