Uzi mzuri uko mitumbani, usihangaike na madukani

Watu wakiniona na kroshia (sindano ya kufumia yenye ndoano) swali la kwanza ni hilohilo, uzi unatoa wapi, maana hapa Kigoma mjini ukipenda rangi fulani dukani ukirudi mwezi ujao imeisha na kitambaa chako kiko nusu. Mi nafuma tangu niko primari, bibi yangu wa Ujiji ndo alinianzishia, vitambaa vya makochi kama kawaida, na siku hizi uzi wangu mwingi natoa kwenye mitumba. Nanunua sweta, nalifumua, nafuma kitu kingine. Huku ziwani joto, sweta zito halina mteja, wanaolihitaji wako kule juu Kasulu na Buhigwe, kwa hiyo ukibembeleza vizuri muuzaji anakuachia.

Ila jamani msibebe tu sweta kisa rangi. Ligeuze nje ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa ukapigwa overloki (ule mshono wa mashine wa kuzuia ukingo usichanike), liache hapohapo, hilo vipande vyake vilikatwa kwa mkasi, yaani ukifumua kila mstari unakutolea kauzi kafupi na utashinda unafunga mafundo mpaka uchoke. Unalotaka ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, ukingo haujaguswa na mkasi, vipande vimeungwa tu kwa uzi ambao ukiupata upande wake unachomoka wote. Na sweta la sufu lililofuliwa maji ya moto likagandamana, hilo halifumuki hata ufanyeje.

Hujui kama ni sufu kweli? Chomoa kauzi ukachome nyumbani (sio mbele ya muuzaji, atakufukuza). Sufu inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linasagika kidoleni, akriliki (uzi wa kiwandani, aina ya plastiki) inayeyuka inabaki kidonge kigumu. Akriliki siikatai, kofia za watoto wachanga naifumia sana kwa sababu inavumilia kufuliwa, ila pasi ya moto usiisogeze, inalegea na hairudi tena.

Kufumua anzia juu, kwenye kola au begani, masweta mengi yamefumwa kutoka chini kwenda juu kwa hiyo ukianzia chini utapambana na kila kitanzi. Uzi utatoka umejikunjakunja kama tambi, usiogope, uzungushie mgongo wa kiti, funga sehemu nne bila kukaza, loweka maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, tundika kivulini hadi ukauke na utanyooka wenyewe. Ukija kuuzungusha kuwa mpira usiukaze, uzi uliovutwa ukifumiwa vile vile, siku ya kufua nguo inajirudi inakuwa ndogo.

Uzi mwembamba nafumia kroshia ya 3 mm, nikiunganisha nyuzi mbili nachukua ya 4 au 5. Halafu ujue kufuma kwa kroshia kunakula uzi kuliko kufuma kwa sindano mbili, sweta moja la mtu mzima lililofumwa kwa sindano usitegemee likutolee sweta la kroshia la saizi ileile, panga la mtoto au mashali. Na ukikutana mitumbani na kitu cha kroshia chenyewe mi nakushauri usikifumue, kroshia halisi mashine haifumi, kuna mtu alikaa nayo kwa mkono, hicho nunua uvae.

Mwenye kujua nani pale Mwanga, hapahapa Kigoma, anauza kroshia za chuma namba kubwa anistue, hizi za plastiki zinanivunjikia.