Nahama na biashara yangu, kodi nalipa wapi?

SWALI: Mshauri habari za kazi, pole na maswali yetu. Mimi natengeneza tovuti za wateja na kuuza tempuleti mtandaoni, kampuni ni ya kwangu mwenyewe na nina msaidizi mmoja tu. Sasa mke wangu kapata kazi nchi nyingine, tunahama wote na watoto. Rafiki zangu wananiambia ilimradi huku nisifikishe siku 183 kwa mwaka, na huko niendako nisizifikishe pia, basi hakuna wa kunidai kodi. Ni kweli hiyo? Na kampuni naiacha tu iendelee huku huku? (Fundi Tovuti)

JIBU: Hongereni sana na safari njema. Ila hao rafiki zako wamekupa nusu ya habari, tena ile nusu inayoponza watu. Siku 183 zipo kweli, nchi nyingi zinazo kwenye sheria zao, lakini huo ni mlango wa kuingilia sio wa kutokea. Ukizifikisha wanakuhesabu mkaazi wao wa kodi, yani mtu wao wa kumdai kodi, usipozifikisha haimaanishi umeshatoka, wanaweza kukushika kwa nyumba uliyoiacha wazi inakusubiri, kwa familia, kwa kazi unayoendelea kuifanya pale. Chukua Uingereza, tangu Aprili 2013 wana kipimo chao kwenye sheria kinachochanganya siku na mambo yanayokufunga pale, na ukiwa na mengi siku unazoruhusiwa zinapungua, yani mtu aliyekuwa mkaazi wao ndani ya miaka mitatu iliyopita, akiwa bado na mambo manne ya kumfunga pale, siku 16 tu zinatosha kumrudisha kwenye vitabu vyao! Marekani ndo usiseme, raia wake hata ahamie wapi ritani, ile fomu ya kutangaza mapato, anajaza kila mwaka, na Eritrea nao wana asilimia 2 yao wanayodai kwa raia walioko nje.

Na hii habari ya kutokuwa mkaazi popote mimi siipendi kabisa. Tangu 2017 nchi zilianza kupeana taarifa za akaunti za benki zenyewe kwa zenyewe bila hata kuombana, na saa hizi ni zaidi ya 100. Ndo maana ukifungua akaunti benki inakujazisha fomu useme we ni mkaazi wa kodi wa wapi na namba yako ya mlipa kodi ni ipi. Utaandika nini pale? Ukiandika nchi uliyohama taarifa zinaenda kule, ukiandika mpya zinaenda huko, hamna kisanduku cha "sipo popote".

Tatizo linalowapata wengi hasa ni la kudaiwa na nchi zote mbili. Hapo angalia kama zina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, mingi imefuata mfano wa OECD, lile shirika la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi zilizoendelea, na ina ngazi za kuamua: kwanza una makazi ya kudumu wapi, ukiwa nayo kote kote wanauliza maisha yako yameelemea wapi, familia na uchumi wako, halafu ndo unakoishi zaidi kwa kawaida, halafu uraia, ikishindikana mamlaka za kodi za nchi mbili zinakaa kuelewana. Umeona eeh, siku zinakuja ngazi ya tatu huko. We mkihama wote na nyumba mkaiachia kabisa, jibu linapatikana ngazi ya kwanza tu. Kwa hiyo nyumba ndo uamue mapema kuliko kukaa unahesabu siku. Zile siku 183 zilizoandikwa ndani ya huo mfano wa OECD zenyewe ni za mwajiriwa aliyetumwa kazi ya muda, sio za kuamua ukaazi wa mwenye biashara.

Kampuni sasa. Kampuni ina ukaazi wake peke yake, na hapa ndo naona utaumia ukizubaa. Kuna nchi zinaangalia ilikosajiliwa tu, ila nyingi zinaangalia pia inaongozwa kutoka wapi, na kampuni ya mtu mmoja inaongozwa kutoka pale ulipokaa na laptopu yako, kwa hiyo nchi mpya inaweza kusema hii ni yetu, na uliyoihama nayo haijaiachia kwa sababu usajili bado uko kwao. Zamani mfano wa OECD ulikuwa unaipa kampuni nchi yenye uongozi wake halisi, toleo la 2017 likabadilisha, sasa mamlaka za pande mbili zikubaliane, na makubaliano ya namna hiyo sio ya wiki moja. Mimi kwa biashara ya ukubwa wako ningefunga na kusajili upya huko, na msaidizi wako awe wa kujitegemea anayekuletea invoisi, ila awe anajitegemea kweli kweli sio kwenye karatasi tu. Kabla hujafunga uliza kodi ya kuondoka, Canada kwa mfano siku unayoacha kuwa mkaazi wanahesabu kama umeuza hisa zako kwa bei ya soko hata kama hujauza kitu, na Ujerumani wanamwangalia hata mwenye asilimia 1 ya hisa.

Baada ya hapo toa taarifa rasmi ya kuhama, jaza ritani ya mwisho yenye tarehe ya kuondoka, na ukifika omba cheti cha ukaazi wa kodi huko. Mkataba wa pango na tiketi usitupe.

SWALI: Mshauri, mimi nauza kozi za mtandaoni. Nikihama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inahama na mimi? (Mwalimu wa Mbali)

JIBU: Hapana dada, hiyo inafuata mauzo, haijali sana we unalala wapi. Kozi zilizorekodiwa unazowauzia watu binafsi walioko Umoja wa Ulaya zinatozwa kwa kiwango cha nchi ya mnunuzi, na muuzaji aliye nje ya umoja anadaiwa kuanzia mauzo ya kwanza kabisa, ingawa unaruhusiwa kujisajili nchi moja tu ya umoja ukalipia zote hapo. Namba ya VAT ya zamani ifute rasmi, usipoifuta ritani zake zinaendelea kudaiwa hata kama huuzi kitu, na faini juu.