Gobore la mtumba: mdeki kwanza, hela baadae

SWALI: Habari za kazi wapendwa. Mimi mtu wa Tabora ila naishi Columbus, Ohio, mwaka wa sita huu. Huku kuna msimu wa kuwinda kulungu kwa magobore mwezi wa kwanza, sasa mzee jirani yangu anauza la kwake, la fataki (vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti), kaliba 50, limekaa stoo miaka. Babu alikuwa nalo nyumbani lakini hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Nikague nini kabla sijatoa hela, na nikishalichukua nalitunzaje?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujauliza bei hakikisha halijashindiliwa, maana magobore ya stoo yanakutwa na baruti na risasi ndani kila siku na baruti nyeusi haichachi, hata ikikaa miaka hamsini ikikauka inawaka tu. Elekeza mtutu pasipo na mtu, hakikisha hakuna fataki kwenye chuchu, yaani kile kijibomba cha nyuma ya mtutu inapokaa fataki, ingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, taratibu mpaka ugote, ushike kwa kidole pale mdomoni mwa mtutu, uchomoe halafu uulaze kwa nje kidole kikiwa pale pale mdomoni. Ncha inatakiwa ifike karibu na chuchu. Ikiishia vidole vitatu vinne kabla, kuna kitu ndani, na hapo usijaribu kulipiga wala kuchokoa, mwite fundi bunduki.

Likiwa tupu ndio utumbukize kitochi chembamba ndani uchungulie. Mimi niliwahi kuuziwa moja linang'aa kwa nje kama sufuria mpya, nikapitisha kitambaa cheupe kikatoka na rangi ya matofali, kule mwisho kabisa wa mtutu kulikuwa kumeliwa mashimo kama dengu, hela yangu ikaenda hivyo hivyo, kwahiyo kutu ya juu juu usiiogope lakini mashimo, ufa au uvimbe wowote kwenye mtutu achana nalo hata ukipewa bure. Halafu vuta nyundo mpaka mlio wa kwanza, nusu, ubonyeze triga. Nyundo ikianguka, kufuli, yaani mtambo wa nyundo na triga, limekufa. Ubao pia uangalie, hasa pale kwenye shingo ya kitako ndio panapopasuka.

Baruti ni nyeusi tu au zile mbadala wake zilizotengenezwa kwa ajili ya magobore. Baruti ya risasi za kisasa usiweke hata kijiko, presha yake inapasua mtutu na kuondoka na mkono, watu wamepoteza macho kwa hili nakuomba sana.

Matunzo yenyewe ni maji. Masizi ya baruti yana chumvi zinazovuta unyevu, ukilala nalo chafu asubuhi kutu imeshaanza, kwahiyo siku ile ile uliyopiga toa mtutu kwenye ubao kama unatoka, fungua chuchu, chovya upande wa nyuma kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni ya vyombo, sukuma kitambaa kwa mdeki juu chini maji yapande na kushuka mpaka yatoke meupe, suuza, kausha kabisa, paka mafuta. Maji ya moto yanasaidia chuma kukauka haraka.

Kuhusu sheria, ulizia za jimbo lako, na usije ukawaza kumpelekea mjomba Tabora, Tanzania gobore ni silaha na linataka leseni.

Likikaa mwezi pitisha kitambaa tena, kikitoka na rangi ya chai safisha upya na upake mafuta, na kabla ya kushindilia siku ya mawindo uyafute yote hayo mafuta, la sivyo fataki italia na baruti isiwake.