Maswali ya Wasomaji: Kalamu ya wino inayokwaruza na kukatisha wino

SWALI: Mhariri, nina kalamu ya wino niliyopewa na mjomba wangu baada ya kukaa kwenye droo kwa miaka mingi. Nibu yake ni ya chuma cha pua, na ndani ina kibomba cha kunyonyea wino ambacho huchomolewa. Nimeijaza wino mpya, lakini inakwaruza karatasi, hasa ninapovuta mstari kwenda kulia, na wino hukatika katikati ya neno hadi nikandamize kwa nguvu. Rafiki yangu amenishauri niisugue nibu kwenye msasa. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali weka msasa kando kwanza. Rafiki yako ana nia njema, lakini amekutajia hatua ya mwisho kabisa, ambayo pengine hutaihitaji. Chuma kilichosuguliwa hakirudi, ilhali karibu kila hatua inayotangulia inaweza kurudiwa bila madhara.

Mkwaruzo na kukatika kwa wino huchukuliwa kuwa kasoro mbili, kumbe mara nyingi moja huizaa nyingine. Wino ndio unaoteleza kati ya chuma na karatasi. Ukipungua, hata nibu yenye ncha njema hukwaruza, na mwandishi anapokandamiza ili wino utoke, meno mawili ya nibu, yaani pande mbili za ncha zinazotenganishwa na ufa wake, hupanuka na kuzidi kuparuza. Kwa hiyo tuanze na mtiririko wa wino, kisha ndipo tuiangalie ncha.

Wino haudondoki tu kutoka kwenye kalamu. Kila unapotoka, hewa ya ujazo uleule lazima iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo wino hubaki umening'inia ndani. Kazi hiyo hufanywa na kile kipande cheusi kilicho chini ya nibu, chenye mfereji mwembamba unaoupitisha wino hadi kwenye ufa wa nibu huku hewa ikipanda kinyume chake. Lewis Edson Waterman alipewa hataza ya kipande cha namna hiyo nchini Marekani tarehe 12 Februari 1884, na kalamu za leo bado hufuata kanuni ileile. Wino wa zamani ukikaukia ndani ya mfereji huo, njia zote mbili huziba. Katika kalamu iliyokaa droo kwa miaka mingi, hilo ndilo la kushuku kabla ya lingine lolote.

Chomoa kibomba, kisha suuza sehemu ya mbele ya kalamu kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu. Usitumie maji ya moto, kwa sababu baadhi ya plastiki hupinda na mpira mgumu wa kalamu za kale hubadilika rangi. Njia nzuri ni kutumia kipira cha kunyonyea, au bomba la sindano lisilo na sindano, kusukuma maji kutoka nyuma yatokee kwenye nibu. Maji yakianza kutoka meupe usifurahi mapema: iache nibu ndani ya bilauri ya maji usiku kucha, na asubuhi huenda ukakuta nyuzi za rangi zimeshuka polepole hadi chini ya bilauri. Hizo ndizo zilizokuwa zimeziba mfereji. Rudia hadi maji yabaki safi, kisha ifunge nibu kwenye kitambaa au karatasi ya shashi, ikielekea chini, ili unyevu ufyonzwe.

Ikiwa maji matupu hayatoshi, ongeza tone moja la sabuni ya vyombo, kisha suuza vizuri. Kwa uchafu mkaidi zaidi, mafundi huchanganya sehemu 1 ya amonia ya kusafishia nyumba na sehemu 9 za maji, wakaisukuma ndani kwa muda mfupi na kusuuza mara nyingi. Usichanganye amonia na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kwani hutoa gesi ya sumu. Spiriti nayo usiitumie kabisa. Huharibu plastiki nyingi zinazotengenezewa kalamu.

Uangalie na wino wenyewe. Jaza wino uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu hizi, si wino wa kuchorea wenye gundi ndani yake. Ule wa kuchorea ukikauka hauyeyuki tena kwa maji, na unaweza kuiua kalamu nzima.

Kalamu ikiwa safi na wino ukitiririka, andika bila kukandamiza, ukiacha uzito wa kalamu peke yake uguse karatasi. Ikiwa bado inakwaruza, hapo tuna haki ya kuilaumu ncha, na barua yako imenipa fununu kubwa. Umesema mkwaruzo huzidi unapovuta kwenda kulia. Hiyo kwa kawaida ni dalili kwamba meno mawili ya nibu hayako usawa, na jino la kushoto limeshuka chini kuliko mwenzake: mkono unapokwenda kulia, ukingo wa ndani wa jino lililoshuka ndio unaotangulia, na ukingo huo ni mkali. Ungekwaruza zaidi ukienda kushoto, ningeshuku jino la kulia.

Thibitisha kwa macho kabla ya kugusa chochote. Chukua lenzi ya kukuzia, ile ya mara 10 ambayo masonara hutumia inafaa sana, simama kwenye mwanga, na uielekeze ncha kwenye jicho lako huku mgongo wa nibu ukiwa juu. Utaona vijipunje viwili vya chuma kigumu vikiwa bega kwa bega. Kumbuka kwamba kwa mtazamo huo pande zimegeuka: jino la kushoto wakati wa kuandika sasa liko mkono wako wa kulia. Wengi husahau jambo hili dogo, wakalipandisha jino lililokuwa sawa.

Hakikisha pia kwamba nibu imekaa katikati ya kile kipande cheusi. Ikiwa imeegemea upande mmoja, kipande hicho husukuma jino moja juu, na kuiweka sawa nibu hutosha. Kama imekaa vizuri, weka ukucha chini ya jino lililoshuka, karibu na ncha, ulisukume juu kwa upole na kuliachia. Angalia kwa lenzi, andika mistari michache, kisha rudia ikibidi. Chuma cha pua kina tabia ya kurudi kilikotoka, kwa hiyo usishangae kikihitaji kusukumwa mara kadhaa. Bora hivyo kuliko kukilazimisha kwa pigo moja.

Kama meno yako sawa lakini wino bado ni haba, inua nibu kwenye mwanga. Ufa unatakiwa kuonyesha uzi wa mwanga unaopungua kuelekea ncha, na vijipunje viguse au vikaribie kugusana. Usipoona mwanga hata kidogo, meno yamebana mno. Pitisha ukanda wa shaba wenye unene wa milimita 0.05 ndani ya ufa, ukianzia kwenye tundu la nibu kuelekea nje, mara chache tu. Wembe usitumie, kwani huchimba kuta za ufa.

Msasa unaingia hapa tu, na si msasa wa fundi seremala. Ni filamu ya kung'arishia yenye chembe za maikromita 1 au 0.3, unayoandikia umbo la nane mara chache kwa mkono mwepesi, kisha unasimama na kujaribu kwenye karatasi.

SWALI: Kalamu yangu mpya haikwaruzi hata kidogo, ni laini ajabu, lakini kila ninapoanza mstari herufi ya kwanza haitokei. Nimeiosha, na wino uleule unafanya kazi vizuri kwenye kalamu nyingine.

JIBU: Ulaini huo ndio huenda ukawa chanzo. Kiwandani ncha ikisuguliwa kupita kiasi, kingo za ndani za ufa huviringika, na wino hubaki juu kidogo pasipo kufika kwenye karatasi mpaka ukandamize. Karatasi isiyoteleza sana na wino unaotiririka kwa wingi hupunguza tatizo, lakini dawa yake ni kuirekebisha ncha yenyewe, kazi ambayo ningemwachia fundi mzoefu. Jaribu kwanza jambo moja: ikiwa herufi hupotea tu baada ya kalamu kukaa saa kadhaa ikiwa imefunikwa, basi kifuniko kinavujisha hewa na nibu inakauka. Katika hali zote mbili, kalamu ikiwa bado ina dhamana, irudishe kwa muuzaji kabla hujaigusa.